Habari za Ughaibuni Zisizofika Tanga

Mwaka 1931 karani mmoja wa serikali kutoka Tanga alisafiri kwenda London. Aliitwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusomeshwa Kiungani na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Mjini Tanga alikuwa mtu wa kutajwa. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha hapahapa chama cha Waafrika watumishi wa serikali, katika siku ambazo kuanzisha chama chochote kulihitaji moyo. London hakwenda kutalii. Bunge la Uingereza lilikuwa likichunguza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe chini ya utawala mmoja, na Tanganyika ikapeleka mashahidi watatu Waafrika: Chifu Makwaia wa Usiha, Francis Lwamgira wa Bukoba, na karani wetu. Mpango wa kuunganisha ukaachwa.

Aliporudi akaandika. Mwaka 1932 Sheldon Press ya London ilitoa kitabu chake cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Jina hilo limenikaa kichwani muda mrefu. Kuona kumo, kufanya kumo. Jinsi mtu wa Bonde alivyojisikia usiku, peke yake, katika mji wa baridi ulio mbali na watu wake, jina la kitabu halikuahidi, na sidhani kama msomaji wa wakati ule alilidai. Nadhani watu walitaka kusikia habari za mji mkubwa na wakubwa wake. Moyo wa karani ulikuwa shauri lake mwenyewe.

Hata katika nyumba yao Kayamba hakuwa wa kwanza kwenda Ulaya. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa ameshasoma Uingereza miaka ya 1880. Kwa hiyo anayedhani kwamba ng'ambo imegunduliwa na kizazi cha WhatsApp amechelewa sana. Mji huu wa Tanga umezoea kuaga, na umezoea kupokea. Mashamba ya mkonge yalijaa manamba waliotoka Songea, Msumbiji, Urundi na kwingineko, watu waliokuwa ughaibuni hapahapa Muheza na Korogwe. Hata mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche yote iliyofunga safari ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hiyo 62 husifiwa kila mara mkonge unapozungumzwa. Ile iliyokauka njiani haina anayeitaja.

Karibu miaka mia imepita tangu safari ya Kayamba, na habari za ughaibuni bado tunazipokea kwa mtindo uleule. Kaa kwenye kibaraza chochote mtaa wa Ngamiani baada ya Isha, simu ilie kutoka Muscat au Doha. Inawekwa spika. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo, wazima huko? Wazima, mama. Na kazi? Kazi nzuri, alhamdulillahi. Hapo mama anaanza kutoa taarifa za nyumbani: bati limeanza kuvuja upande wa jikoni, mdogo wako amefaulu na Jumatatu anatakiwa shuleni na godoro na ndoo, shangazi yako wa Pangani miguu imemvimba tena. Simu inakwenda kwa kaka, inakwenda kwa wifi, anapewa mtoto anayesukumwa aseme "mama niletee baiskeli". Ikija kumrudia mama, upande wa pili mtu ameshaitwa jikoni. Tunakata, roho zimetulia. Tumeongea naye, yuko salama.

Hakuna aliyedanganya hapo. Adabu yetu inamtaka mtu ajibu njema kwanza, hata kama ametoka kuzika. Lenye uzito huja baadaye, mgeni akishakaribishwa ndani, akishakaa kitako na kunywa maji. Simu haina kukaa kitako. Salamu zinakwisha, shida za nyumbani zinaingia, na zamu ya mtu kusema la moyoni haifiki. Mwezi wa kwanza haifiki, wa tano haifiki. Kufikia mwezi wa kumi ameshazoea kwamba kusema "nzuri" ndiyo kazi yake katika simu ile, na kutuma ndiyo kazi nyingine.

Ushauri unaotolewa kuhusu afya ya akili ya waishio nje humtwika aliyeondoka mzigo wote. Fanya mazoezi, tafuta marafiki, jifunze lugha ya wenyeji, usikae na simu usiku kucha. Si ushauri mbaya. Lakini mimi naamini nusu ya utulivu wa mtu aliyeko ughaibuni iko huku kwetu, katika aina ya habari tunazokubali kuzipokea. Mtu akiruhusiwa kusema amechoka, anapumzika kidogo kwa kusema tu. Akinyimwa ruhusa hiyo, anabeba kazi mbili: ile anayolipwa, na ile ya kuigiza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Wataalamu wana hesabu zao kuhusu jambo hili. Mwaka 1955 Mnorwe mmoja, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya Wanorwe wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa na furaha. Waliokaa zaidi ya miezi 18 nao walikuwa wameshazoea. Waliosumbuka zaidi ni wale wa katikati. Karibu na wakati huohuo Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia ambaye miaka ya 1930 alifanya utafiti huku kwetu, Ankole ya Uganda, aliorodhesha dalili za mtu aliyeshikwa na ugeni: kunawa mikono kila dakika, kuyaogopa maji na chakula na matandiko, hasira kubwa kwa kucheleweshwa kidogo, hofu ya kudumu kwamba kila muuzaji anakuibia. Nimewaona watu wakirudi likizo Tanga na dalili hizohizo, safari hii wakizielekeza kwetu.

Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hufuata mkondo wa Lysgaard, na wapo wanaoumia tangu wiki ya kwanza. Hata hivyo hebu uuweke mkondo huo juu ya mkataba wa kazi za ndani Ghuba, ambao kwa kawaida ni wa miaka 2. Kipindi kibaya kinaanzia mwezi wa 6 na kuishia wa 18. Ni nusu nzima ya mkataba. Na Wanorwe wale walikuwa wasomi wenye posho, wakilala kwenye vyumba vyenye funguo, pasi zao mifukoni.

Binti wa Tanga anayekwenda kwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, hana uhakika wa hata kimoja kati ya hivyo. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na 50 miongoni mwao. Walieleza pasi kushikwa na mwajiri, mishahara kupunguzwa au kutolipwa, kufanya kazi siku nzima na sehemu kubwa ya usiku bila siku ya kupumzika, wengine kupigwa na kudhalilishwa. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri. Ukiondoka kwake bila idhini yake unahesabiwa mtoro. Kumwambia mtu aliye katika hali hiyo atafakari na kuvuta pumzi ndefu ni dhihaka. La kwanza ni usalama wake. Mambo ya kukua kiakili yatafuata.

Wapo pia waliofikia nyumba za heri, na nitakuwa mwongo nisipowataja. Mama yangu mdogo ni mmoja wao, ingawa heri yake ilikuwa na makunyanzi. Alifanya kazi Muscat, katika nyumba ambayo bibi mzee wa ukoo alizungumza Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chetu. Si ajabu. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Walirudi na Kiswahili chao, na mpaka leo ukiingia sokoni Muscat unaweza kukuta wazee wanateta kwa lugha ya Mchambawima kule Unguja. Mama mdogo alifurahi kusikia sauti hiyo siku ya kwanza. Hakuchukua muda kuelewa. "Ukisikia Kiswahili unadhani umefika kwenu," aliniambia, "kumbe umefika kwa mwenye nyumba."

Bibi alimtaka mkate wa kumimina, naye akajifunza kuupika mpaka ukasifiwa na wageni. Yeye mwenyewe alichokitamani ni bada la muhogo na mchuzi wa samaki, chakula ambacho pale hakikujulikana na hakuwa na pa kukipikia. Madamu alihesabu mayai kila asubuhi. Hakumtukana, hakumpiga, na mshahara ulitoka. Mayai tu yalihesabiwa, na mama mdogo alikuwa chumba kilekile akitazama. Habari ya mayai ilimkaa kifuani karibu mwaka mzima, kwa sababu katika simu ya spika ungeianzia wapi? Binti wa watu amepata kazi Arabuni, familia imeanza kuezeka, halafu aseme analia kwa sababu ya mayai?

Kilichomwokoa ni mpango alioufanya na dada yake, yaani mama yangu. Kulikuwa na simu ya watu wote, Ijumaa, na hiyo iliendelea kama kawaida yake. Na kulikuwa na simu ya pili, ya wawili tu, usiku, vyombo vikishaoshwa. Sharti la simu hii lilikuwa moja: fedha haitajwi. Hata kama nyumbani kuna mgonjwa, habari ya gharama inasubiri Ijumaa. Mama aliketi ukumbini na taa imezimwa, sisi tukidhani anasikiliza redio. Mayai yalitoka kwenye simu ile. Ilitoka pia habari kwamba hajavuka geti tangu Ramadhani. Mama hakuwa na cha kufanya kuhusu geti la Muscat, ila alimpa wazo la kumwomba yule bibi mzee, si madamu, amwombee nusu siku ya Ijumaa. Bibi akamwombea. Akawa anakwenda ufukweni na wenzake, Wakenya kwa Waganda, wanakula viazi na kucheka mpaka Magharibi.

Hilo la kwenda kwa bibi badala ya madamu ni busara ya nyumba zetu. Kila nyumba ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na mwanamke wa pwani anajua upi unafunguka. Aliye mbali na kwao, amechoka na ana hofu, huusahau ujuzi wake wote. Anajiona hajui kitu. Inahitajika sauti ya mtu anayemfahamu tangu utoto kumkumbusha kwamba ana akili.

Wanaume hali yao ni ngumu zaidi kwa upande mmoja: hata hiyo simu ya pili hawaitaki. Kijana aliyekwenda kusoma Uturuki au India, dereva aliyeko Doha, baharia wa meli za mizigo, wote wamelelewa kuamini kwamba mwanamume akisema "nimechoka" ameaibika. Mwandishi wa Afrika Kusini, Sean Christie, alitoa mwaka 2016 kitabu juu ya vijana wa Kitanzania waliokuwa wakiishi chini ya madaraja karibu na bandari ya Cape Town, wakingoja nafasi ya kuzamia melini. Kuta za zege zilizowazunguka zilijaa maandishi yao. Nyumbani kwao, naweza kuapa, walikuwapo wazazi waliojua tu kwamba kijana "yuko Sauzi, mambo yake yanakwenda".

Fasihi yetu nayo imeliona jambo hili. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Admiring Silence*, iliyotoka 1996, msimulizi ni Mzanzibari aliyekaa Uingereza miaka mingi, ana mwenzi Mwingereza na binti mkubwa, na nyumbani kwao Unguja hajasema neno juu yao. Wakwe nao amewatungia hadithi za Afrika wanazopenda kuzisikia. Anadanganya pande zote mbili kwa upole kabisa, kila upande ukipata habari unayoitaka, na katikati mwenyewe anabaki hana pa kusimama. Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, nasi tukasherehekea kwamba ni wetu. Sijui wangapi miongoni mwa walioshangilia waliisoma riwaya hiyo na kujiona katika ile familia inayongoja Unguja.

Upande wa pili kuna waliopata namna ya kusema. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Maisha yake kule yalikuwa na misukosuko ya kutosha: wanafunzi wake, wengi wakijiandaa kuja kututawala, hawakupenda kuketi mbele ya mwalimu mweusi. Alimwoa Mjerumani, na walipofunga safari ya kurudi Afrika Mashariki pamoja, serikali ya koloni ikawakatalia kuishi huku kama mume na mke. Ikabidi warudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927. Lakini jina lake limebaki kwenye *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokisimamia Carl Velten na kuchapishwa 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Humo mna kuzaliwa kwa mtoto, jando, harusi, ngoma, kilimo, uganga, mazishi. Wasomi hukisoma kutafuta mila za pwani. Mimi hukisoma nikimwona mtu aliyekaa kwenye mji wa theluji akiijenga upya Mrima, mlango kwa mlango, kwa kuwa kazi yake ilimruhusu. Wengi waishio nje hawapati bahati hiyo, ya kulipwa kwa kukumbuka kwao.

Na mtu wetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Tanga, hakuhitaji hata kuvuka bahari ili aujue ugeni. Kazi ya serikali ilimhamisha kutoka kituo hiki hadi kile, Pangani, Longido, Mpwapwa, na kote alikokwenda aliandika barua kwa ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua hizo, za kuanzia 1931 hadi 1958, zilikuja kuchapishwa Dar es Salaam kama kitabu. Miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja! Tunamsifu Shaaban kwa tenzi na insha, na tunasahau kwamba mwandishi huyo mkubwa alikuwa na mtu wa kumweleza mambo yake ya kawaida. Yusuf naye anastahili sifa, kwa kuzipokea na kuzitunza.

Kuandika kwenyewe kuna dawa yake. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi kazi ya kuandika kwa dakika 15, siku 4 mfululizo. Wengine waliandika mambo ya juujuu, wengine waliandika yaliyowaumiza na jinsi walivyojisikia. Katika miezi iliyofuata, walioandika yaliyowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Siku hizi ushauri huu umegeuzwa kuwa biashara ya madaftari ya kupendeza yenye jalada la ngozi. Kauntabuku ya duka la mtaani inafanya kazi ileile, na kwa anayeishi nyumba ya mwajiri ina faida nyingine: tarehe alizofanya kazi, mishahara aliyopokea na aliyonyimwa, vyote viko kwenye mwandiko wake. Asiyependa kuandika arekodi sauti. Ila simu inaweza kunyang'anywa.

Dini, jiko na watu wa kwenu ni mambo ambayo kila mtu huyajua, sitayarefusha. Msikiti au kanisa humpa mgeni mahali anapotarajiwa kila wiki. Harufu ya nazi inayochemka imewasimamisha watu wengi kuliko vidonge. Vyama vya Watanzania vipo karibu kila mji mkubwa, na kama ilivyo kwa vyama vyetu vyote, nusu ya mkutano ni michango na nusu nyingine ni ugomvi wa michango iliyopita. Nenda hivyohivyo.

Nitakaa zaidi kwenye kurudi, maana hapo ndipo tunapoharibu. Mama mdogo alirudi akijua Kiarabu cha kutosha kubishana bei, akijua kupanga matumizi ya mwezi kwenye karatasi, na akijua jambo jipya kabisa: kukataa. Binamu akija kukopa, alijibu hana, bila kuzunguka na bila kutaja mgonjwa wa uongo. Akisema atafika saa 4, saa 4 alikuwa mlangoni, na alikasirika wenyeji wakiwa bado wanaoga. Alikuwa amekua. Katika umri wa kuitwa bibi, mtu alikuwa amejifunza mipaka yake mwenyewe. Mtaa ulisema amejidai. Walisema Arabuni kumemharibu, zamani alikuwa mtu wa watu. Waliotaka arudi na friji na makochi walimpokea vizuri. Aliporudi na msimamo hawakujua waufanyie nini.

Ninaona ukatili fulani katika hilo, ingawa si wa makusudi. Tunamtaka mtu aende mbali, akae na wageni, ale chakula kingine, aote kwa lugha nyingine, halafu arudi yuleyule ila na fedha. Kijana aliyerudi Ujerumani na kuanza kuosha vyombo vyake mwenyewe anaitwa bwege na mashangazi zake. Msichana aliyerudi na wazo la kumpeleka mama hospitali kupimwa shinikizo la damu kabla hajaugua anaambiwa anamtabiria mama mabaya. Faida kubwa ya kuishi nje ni hiyo hasa, kuyaona ya nyumbani kwa jicho la pembeni, na ndiyo faida tunayoikataa uwanjani huku tukipakua masanduku.

Marehemu Shakila Saidi, aliyepata sifa zake kwenye taarabu za Tanga, Black Star na Lucky Star, alituachia wimbo unaojulikana kila mtaa wa pwani, *Macho Yanacheka*. Sisi tuliokua tukiusikia harusini tunajua macho hucheka hata moyo usipocheka, hatuna kisingizio cha kudanganywa na picha. Binti amesimama mbele ya jengo refu la Dubai, miwani ya jua usoni, kidole kinaonyesha ushindi. Picha hiyo mara nyingi hupigwa kwa ajili yetu, katika dakika kumi za mapumziko, kwa sababu anajua ndiyo tunayoingoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye mtu ughaibuni ni dogo na linafanyika wiki hii. Chagueni katika familia mtu mmoja wa simu ya pili. Asiwe mwenye shida nyingi kuliko wote, wala asiwe mwenye mdomo mwepesi. Apige wakati hakuna anachohitaji. Muscat na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja tu, hakuna sababu ya kusingizia usiku. Asianze na habari za kazi. Aulize amelala saa ngapi jana, amekula nini, amecheka na nani. Akijibiwa "njema", anyamaze kidogo angoje linalofuata. Na likija zito, asikimbilie kusema vumilia.

Kwa anayejiandaa kuondoka: pitia wakala aliyesajiliwa serikalini, usome mkataba ukiwa bado Tanga, na kabla hujapanda basi la Dar uandike kwenye daftari linalobaki nyumbani jina kamili la mwajiri, mtaa anakokaa, jina la wakala wa huku na wa kule, na namba ya pasi yako. Tanzania ina ubalozi Muscat, Abu Dhabi, Riyadh na Doha, na ubalozi mdogo Dubai. Andika namba zao kwa kalamu, zisikae kwenye simu peke yake, na nakala ya daftari hilo mpe yule mtu wako wa simu ya pili.